Mzee Asiyehitaji Kusemewa

Kwa miaka mingi, mtu wa Garissa hakuhitaji kumwona Kerrow Shuaib ndipo amjue. Alihitaji masikio tu. Sauti yake ilitoka kwenye maduka ya simu, ilitoka kwenye hoteli za chai, ilitoka hata kwenye basi la Mandera likisimama abiria wanyooshe miguu. Kerrow ndiye aliyezisema filamu za Kihindi. Wengine huita kazi hiyo kutia sauti, lakini yeye aliita kusema filamu, na wallahi alizisema. Shujaa alisema kwa sauti yake, adui akacheka kwa sauti yake, bibi harusi akalia kwa sauti yake, na ikibidi farasi naye alipewa maoni mawili matatu.

Alikuwa na kanuni zake. Watu wema wote walisema Kisomali. Askari wote walisema Kiswahili, maana kwa watu wa huku askari ni mtu wa Kiswahili tangu zamani, na ukumbi mzima ulivunjika mbavu kumsikia inspekta wa Bombay akidai kitambulisho, "Wewe mzee, kibande iko wapi?" Kijana na mchumba wake wakikaribiana nyuso kupita kiasi, Kerrow alivua kofia yake akaiziba projekta, akasema kwa upole, "Hapa wanashauriana mambo ya nyumbani," mpaka hatari ipite. Na kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa hii: hapana kimya. Mtu akipanda ngazi polepole, Kerrow aliingia kichwani mwake akatoa wasiwasi wake wote hadharani. Watu walikuja kwa ajili ya maneno, naye hakuwa bahili.

Kisha koo likaugua. Madaktari wa Nairobi walikata walichokata, Mungu akamwachia uhai, lakini sauti ikabaki hukohuko. Alichorudi nacho Garissa ni upepo mwembamba, kama tairi ya baiskeli inayotoa pumzi, na ili upate neno ndani yake ilibidi uwe karibu na uwe unataka kweli kusikia.

Hakumwambia mtu. Mjini wakabuni yao: wengine wakasema ameokoka na filamu, wengine wakasema amepata fedha na sasa anaringa. Akawaacha waseme. Msikitini aliingia wa mwisho na kutoka wa kwanza, kabla watu hawajaanza kupeana mikono na kuulizana habari za watoto na za mbuzi. Chai alinywa nyumbani. Wageni wakija, alikuwa amelala, hata saa nne asubuhi. Sauti iliyomtoa nyoka pangoni ilikuwa imemwingiza mwenyewe pangoni, na bintiye Nasteho, aliyekuwa akiishi naye peke yake tangu mama yake atangulie mbele ya haki, alikuwa akiliona jambo hilo kila siku na moyo unamuuma. Hakuomba sauti irudi. Alishakubali hilo. Alichoomba katika kila sijida ni baba yake arudi kwa watu.

Nasteho ndiye aliyebaki na studio, kijichumba nyuma ya nyumba chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili kelele za mtaani zisiingie. Alisema tamthilia za Kituruki kwa ajili ya akina mama, matangazo ya maziwa ya unga, na video za harusi. Alifuata kanuni za baba neno kwa neno, na watu wakasema binti si haba. Yeye mwenyewe alijua kwamba anamwiga tu. Lakini kuiga kulilipa umeme.

Habaryar Osob, mdogo wa marehemu mama yake, ndiye aliyeleta balaa hili jema. Alikuja likizo ya Idi kutoka Ujerumani na masanduku ya zawadi, na ndani ya soksi moja ya sufi alikuwa ameficha diski ya kompyuta. Osob alikuwa mfagiaji wa sinema ndogo mjini Hamburg, sinema ya viti vichache na mapazia mekundu yaliyochakaa, iliyokuwa ikionyesha filamu ambazo, kwa maneno yake, hata Wajerumani wenyewe hawaji kuziona. Ilipofungwa, mama mzee mwenye sinema aliwaambia wafanyakazi wachague kitu cha ukumbusho. Mmoja akabeba kiti. Mwingine akabeba mashine ya kahawa. Osob akaomba filamu.

"Filamu?" Nasteho akacheka. "Habaryar, si ni wewe uliyekuwa ukitufokea tuzime TV?"

"Nilikuwa sijaona kitu, mama," Osob akasema. "Nilianza kutazama nikiwa nimesimama nyuma na ufagio, nangoja watu watoke nifagie. Mwisho nikawa nafika mapema."

Wakaanza kuzitazama studio wakati wa jua kali la mchana, saa ambazo Garissa yote hulala na hata mbuzi hutafuta ukuta wa kuegemea. Osob alitafsiri Kijerumani, na zile za lugha nyingine zilikuwa na maandishi ya Kijerumani chini. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anayekunja mashuka katika hoteli ya kando ya ziwa iliyofungwa kwa ajili ya baridi. Alikunja shuka. Nasteho akangoja simu ilie, au mtu abishe mlango, au mwanamke aangue kilio. Mwanamke akachukua shuka jingine. Nasteho akalala fofofo, akaamka, akamkuta bado anakunja.

"Huyu mwenye filamu ana wazimu au ana dharau?" akauliza.

"Tulia," Osob akasema. "Mimi ya kwanza nilifikiri mashine imeharibika."

Ya pili ilikuwa ya Kipoland, ndugu wanaogombania mlango wa nyumba ya marehemu baba yao. Nyumba hawaitaki. Wanautaka mlango. Nasteho alicheka kwa mara ya kwanza, kwa maana aliwajua ndugu wa namna hiyo kule Hadado, ila wao waligombania kisima. Ya tatu ilikuwa ya dereva wa gari la kuzoa theluji, anayependa sauti ya mwanamke fulani redioni na hampigii simu hata siku moja. Hapo chai ya Nasteho ilipoa mkononi. Filamu ilipokwisha alijikuta analia, akamgeukia habaryar wake kwa hasira kama mtu aliyeibiwa.

"Lakini hakuna kilichotokea!"

"Hakuna," Osob akakubali, naye akipangusa macho.

Basi Nasteho akanasa. Mchana baada ya mchana aliingia humo kama mtu aliyegundua chumba kingine ndani ya nyumba aliyozaliwa. Alishangazwa na nyuso: nyuso zenye mikunjo, zenye jasho, pua zilizowiva kwa baridi, hakuna aliyepakwa poda mpaka afanane na sahani. Alishangazwa kwamba hakuna zumari la kumwambia sasa lia, sasa cheka, sasa ogopa. Kamera ilikaa mahali pamoja ikangoja. Mtu alitoka chumbani, na kamera haikumfuata mbio kama mtoto. Ilibaki inakitazama kiti alichokuwa amekalia, mpaka na wewe ukakiona kiti.

Na jambo lililomgusa zaidi ni kwamba utazamaji ule haukuwa mgeni kwake. Babu yake kule Tarbaj aliweza kukaa asubuhi nzima akimtazama ngamia mmoja tu, anavyokula, anavyoweka mguu, anavyogeuza shingo, na mtu akimuuliza unafanya nini alijibu, "Natazama." Wakati wa utoto wake Nasteho alifikiri ni uzee. Sasa, mbele ya filamu za watu waliozaliwa kwenye theluji, alimwelewa babu yake. Hawa waliozitengeneza, alijiambia, ndani ya roho zao ni wachungaji.

Ndipo wakafika kwenye ile ya Austria. Osob aliipa jina la Mteremko, kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa la lahaja ya milimani ambayo hata yeye hakuipata vizuri. Mzee mmoja, hajulikani jina, anaishi juu ya mlima na ng'ombe wake wa mwisho. Majani yameisha, baridi inakuja, nyasi za kununua hana. Anamfunga ng'ombe kamba, anaanza kumteremsha kwenda machinjioni. Hiyo ndiyo filamu yote. Wanateremka. Wanapumzika. Ng'ombe anakunywa maji kwenye kijito na mzee anangoja. Wanafika kwenye lango la machinjio, na mzee anasimama hapo kamba mkononi, anasimama muda mrefu kuliko ambavyo Nasteho aliwahi kumwona mtu yeyote akisimama ndani ya filamu. Mchinjaji anatoka, anapangusa mikono, anaipokea ile kamba. Basi.

Walipomaliza, nje muadhini alikuwa akiita alasiri.

"Hii nitaisema," Nasteho akasema. "Hii watu wa soko la mifugo lazima waione."

Akaisema kama alivyofundishwa. Mzee wa mlimani akapewa jina, akawa Mzee Guhad. Ng'ombe akaitwa Dahabo. Na kwa kuwa hapana kimya, njia nzima ya kuteremka Mzee Guhad akawa haongei na Mungu wala na mtu, anaongea na ng'ombe: "Ewe Dahabo wangu, uliyewalea wanangu kwa maziwa yako, leo dunia imenibana." Kwenye kijito akamwimbia. Kwenye lango la machinjio Nasteho alitoa kila alichonacho. Alilia, akalaani ukame, akalaani serikali, akaomba toba. Alikuwa anajisikia vizuri sana alipoona pazia la mlango limefunguliwa na baba yake amesimama hapo.

Kerrow hakuwa amekanyaga studio tangu arudi kutoka Nairobi. Aliingia na fulana na kikoi, nywele zikiwa bado na alama ya mto, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mitambo, akakishusha kitufe cha maikrofoni ya binti yake mpaka chini kabisa. Sauti ya Nasteho ikafa. Ikabaki ya filamu: upepo, kengele ndogo shingoni mwa ng'ombe, mzee akipumua.

Akavuta kigoda, akakaa, akatazama mpaka mwisho. Kisha akazungusha kidole hewani: rudisha mwanzo.

Nasteho na Osob wakatazamana, wakarudisha. Kerrow aliitazama yote tena, mikono kwenye magoti, kinywa wazi kidogo kama mtoto anayesikiliza hadithi. Mwishoni alimwita bintiye kwa mkono, naye akainama karibu.

"Huyu," upepo ule ukasema, "hahitaji mtu wa kumsemea."

Kuanzia siku hiyo akawa anakuja studio kila mchana. Osob akianza kutafsiri na Nasteho akisema, Kerrow aliinua kidole: toa. Guhad akatolewa, mzee akarudi kuwa mzee. Dahabo akatolewa. Wimbo wa kijitoni ukatolewa. Nasteho akakasirika, mtu aliyemfundisha kuzijaza filamu maneno kama gunia la mchele sasa anayakung'uta yote chini.

"Aabo, watatutupia kandambili," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema kimya ni uvivu."

Kerrow akatabasamu. Alitabasamu! Osob aliyekuwa akimenya embe akaacha kisu hewani. Kisha mzee akaelekeza kidole kwenye kioo, alipokuwa yule mzee mwingine akingoja ng'ombe anywe maji, akagusa sikio lake. Nasteho akasikiliza. Akasikia maji, na ulimi wa ng'ombe ukiyapiga. Alikuwa ameyafunika maji hayo kwa wimbo wake na hata hakujua kwamba yapo. Akafuta wimbo mwenyewe.

Yakabaki maneno ambayo kweli yalisemwa, na yalikuwa machache mno. Salamu njiani. Mwanamke wa dukani anayeuliza kama mzee anataka mkate. Mchinjaji akisema, "Lete." Nasteho aliyasema kwa sauti yake mwenyewe, chini, bila kumwiga mtu, na baba yake hakuinua kidole.

Sasa, mjini hapa huwezi kukohoa bila jirani kukuletea dawa. Abdilatif, mwenye ukumbi wa video karibu na soko la mifugo, alisikia kwamba Kerrow anaonekana kila mchana akivuka ua kwenda studio. Abdilatif si mtu mbaya, ila pupa yake haina breki. Alikuwa ameshakubaliana na Nasteho aonyeshe filamu siku ya soko baada ya alasiri. Akatwaa rangi na ubao, akaandika kwa herufi kubwa za kuonekana na mtu aliye juu ya ngamia: KERROW AMERUDI.

Nasteho aliuona ubao huo asubuhi ya siku yenyewe. Desturi ilikuwa inajulikana na kila mtu: siku ya kwanza ya filamu mpya, Kerrow aliisema mwenyewe ukumbini, papo kwa papo, maikrofoni mkononi. Ndicho walichokuwa wakikijia.

"Abdilatif, umefanya nini?" akamfokea. "Baba hasemi leo. Ni mimi."

"Walaal, usinitanie. Watu wametoka mpaka Hadado na wanyama wao. Wameuliza habari za ubao mara ngapi! Leo watajaa mpaka mlangoni."

"Futa."

"Nifute, niwaambie nini?"

Nasteho akarudi nyumbani mbio, akamweleza baba yake yote, na akajikuta anamsihi kinyume cha dua zake zote. Abaki nyumbani. Yeye na habaryar wataenda, watasema Kerrow ana homa, watu wataguna, yataisha. Miaka yote hii alimwomba Mungu amtoe baba yake nje ya mlango huu, na leo alikuwa amesimama mlangoni mikono imetanda kumzuia.

Kerrow alimsikiliza mpaka mwisho. Akaenda chumbani, akarudi na kanzu iliyopigwa pasi.

"Maneno nimeyakata mimi," akasema sikioni mwake. "Nataka nione kama wataketi."

Ukumbi wa Abdilatif ni banda la mabati lenye mabenchi, kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu, na magunia meusi yaliyoshonwa kuziba madirisha. Siku hiyo ulijaa wanaume waliotoka sokoni na vumbi lao, fimbo zao wameziegemeza ukutani, na nyuma upande wa kushoto akina mama wauza maziwa waliokuja na madebe matupu. Kerrow alipoingia walisimama. "Kerrow! Kerrow! Ulikuwa wapi, bwana?" Akawapungia mkono, akaweka mkono kifuani, akapita, akaenda kukaa kwenye kona ya projekta nyuma ya binti yake. Wakadhani ni mikogo ya fundi. Osob, pembeni, alikuwa akisoma dua midomo ikitikisika.

Filamu ikaanza. Mlima, ukungu, ng'ombe. Kwanza ng'ombe aliwasaidia, maana hakuna mtu katika banda lile ambaye angeweza kumwona ng'ombe akanyamaza.

"Hiyo ngombe ni mzuri."

"Mzuri wapi? Angalia mguu ya nyuma. Hiyo nachechemea."

"Ni baridi hiyo. Mtu hata koti amefaa mbili."

Nasteho akasema salamu ya njiani kwa sauti yake ya chini, na vichwa vikageuka. Si sauti waliyoijia. Wakarudisha macho kwenye kitambaa, lakini sasa kwa subira ya mtu aliyeahidiwa mchele akaletewa maji ya moto. Kijito kikaja. Ng'ombe akanywa. Mtu mmoja akasema spika imekufa. Mwingine akamwita Abdilatif aangalie jenereta. Abdilatif akaja ameinama hadi kwa Nasteho, jasho likimtoka.

"Kwa nini hasemi? Mpe maikrofoni!"

"Niondokee, Abdilatif."

Wengine walishaanza kuokota fimbo zao. Nasteho aliona aibu na hasira, kisha hofu ikazimeza zote mbili, kwa sababu nyuma yake alisikia kigoda cha baba yake kikilia sakafuni. Kwenye kitambaa mzee alikuwa amefika machinjioni. Akasimama mbele ya lango. Kengele ikanyamaza.

"Kerrow!" mzee mmoja wa benchi la mbele akaita, sauti nene ya mtu aliyezoea kuita ngamia ng'ambo ya bonde. "Warya Kerrow! Huyo mzee nasema nini? Tuambie basi!"

"Tuambie!" wakaitikia.

Kidole cha Nasteho kilikuwa juu ya kitufe cha maikrofoni. Alikuwa na maneno yote ya lile lango bado kichwani, machozi, laana, toba. Angeweza kuyamwaga sasa hivi na kumwokoa baba yake, na ukumbi ungepiga makofi. Akageuka. Baba yake alikuwa amesimama, na si kwenye kona tena. Alikuwa ametembea kati ya mabenchi mpaka katikati ya banda, nusu ya mwanga wa projekta ukimwangukia begani. Nasteho akaondoa kidole.

"Hasemi kitu," Kerrow akasema.

Hawakusikia. Waliona tu midomo. Wa karibu wakanyamaza wapate kusikia, wa nyuma yao wakawanyamazia, na kimya kikaenda kikitambaa mpaka kwa akina mama wa madebe. Kerrow akavuta hewa, na mishipa ya shingo ikasimama.

"Hasemi kitu," akarudia, na safari hii ule upepo uliotobokatoboka ulisikika na banda zima. "Amenyamaza. Muangalieni tu."

Hapo wakajua. Nasteho aliona wanavyojua, uso mmoja baada ya mwingine, chini ya mwanga ule wa buluu wa mlima wa nchi ya watu. Walijua alikokuwa muda wote huo, na kwa nini hakusimama nje ya msikiti. Hakuna aliyesema masikini. Nasteho aliuma ncha ya ushungi wake, akijiambia akilia sasa atamwaibisha.

Kerrow hakujua aende wapi. Kurudi kwenye kona palikuwa mbali, na mbele palikuwa na watu tu. Kivuli cha kichwa chake kilikuwa kimeangukia kitambaani, sawasawa juu ya ng'ombe.

Ndipo yule mzee wa benchi la mbele akageuka, akaivuta kanzu yake kwa nguvu.

"Kaa chini, bwana," akasema. "Unatufunika."

Akasogea, na jirani yake akasogea, na fimbo moja ikaanguka ikaokotwa. Ikapatikana nafasi ya mtu mwembamba. Kerrow Shuaib, aliyezisema filamu zaidi ya mtu yeyote katika mji huu na hakuwahi hata mara moja kuitazama mojawapo akiwa benchini, akakaa kati ya wauza ngamia.

Mzee wa mlimani alikuwa bado amesimama. Safari hii hakuna aliyeilaumu spika. Watu wote wale walikuwa wamemshika mnyama kamba asubuhi hiyohiyo, na wengine walikuwa wamemwachia mnunuzi kamba hiyo. Upepo ulipita kwenye kitambaa. Ng'ombe akalamba mkono wa mzee, na mama mmoja kule nyuma akasema "ya Allah" taratibu. Mchinjaji akatoka akipangusa mikono.

"Lete," Nasteho akasema ndani ya maikrofoni, na lilikuwa neno la mwisho.

Kamba ikaenda. Mkono wa mzee ukabaki umekunjwa hivyohivyo, na kamera ikautazama, na banda zima likautazama pamoja nayo.

Abdilatif alipofungua magunia ya madirishani, watu hawakutoka mara moja. Walikaa wakikodoa macho kwenye jua, wengine wakijipangusa nyuso kwa ncha za vikoi na kulisingizia vumbi. Osob alikuwa analia waziwazi na hakumsingizia mtu. Nasteho akazima projekta, akanyoosha shingo kumtafuta baba yake.

Alikuwa bado benchini. Yule mzee mwenye sauti nene alikuwa amemwinamia, sikio limekaribia kabisa midomo ya Kerrow, mkono wake umeshika bega lake ili asikose neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajivuta nyuma, akatikisa kichwa kwa ukali.

"Hapana!" akasema. "Hapana, Kerrow, wewe hujui ngombe. Ile angeishi mwezi mbili tena."

Kerrow akamshika kanzu, akamvuta tena karibu, akaanza upya.